Kasiva Akiinama

Katika mwethya wa akina mama wa Kola, kile kikundi cha kuchimbiana matuta shamba kwa shamba, hakuna aliyemshinda Kasiva kwa jembe. Alipoanza kulitua chini na kusimama ameshika kifua, wenzake walidhani ni deko.

Ugonjwa wenyewe ulimchongea. Akisimama, mzima kabisa. Akiinama, pumzi inakatika na macho yanaingia giza. Akilalia ubavu wa kushoto anahisi kukabwa, kwa hiyo akawa analala ameegemea ukuta. Homa ndogondogo zikaja, mwili ukapungua. Zahanati wakampa dawa ya malaria, kisha ya pumu.

Siku moja aliinama nyumbani kwake kumfungua mbuzi, akazimia. Nzilani, jirani na rafiki yake tangu waolewe pale, ndiye aliyemmwagia maji akilia, "Kasiva, usiniache!"

Kwa hiyo mwenyekiti, Mama Kalunde, alipomshtaki mbele ya kikundi kwamba anaugua akiona jembe tu, Kasiva hakuogopa.

"Muulizeni Nzilani. Aliniona nikianguka, na hakukuwa na jembe."

Mwenyekiti akageuka. "Nzilani, wiki ijayo tunachimba kwako. Uko na neno? Anayetetea wavivu, sisi hatuna nguvu ya kumchimbia."

Mvua ilikuwa karibu. Nzilani aliinamisha kichwa. "Mimi sijaona kitu."

Kasiva akatolewa kikundini. Hakulia. Alimwambia tu mumewe, Munyao, "Afadhali angesema amesahau."

Kabla uchungu huo haujapoa, asubuhi moja kikombe kilimponyoka. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakataa kutoka. Munyao akamkimbiza hospitali mjini Machakos. Daktari Hani alimpima moyo kwa mashine ya picha, akamwonyesha Munyao kioo.

"Unaona hiki kinachocheza? Ni uvimbe ndani ya moyo. Si saratani, lakini unaning'inia kwa kikonyo. Akiinama, unateleza na kuziba mlango wa damu. Sasa kipande kimekatika, kimeenda kwenye ubongo."

Munyao akakodoa macho. "Kwa hivyo hakuwa anajifanya?"

Kasiva, pale kitandani, alisikia kila neno, na hakuweza kumjibu.

Alipasuliwa Nairobi, uvimbe ukatolewa. Pumzi ikarudi, maneno yakarudi polepole. Mkono haukurudi wote.

Nzilani alikuja na kuku. "Nisamehe, Kasiva. Matuta yangu yalikuwa yamebomoka."

"Yalichimbwa?"

"Yalichimbwa."

"Sawa." Akamwonyesha kiti, akamwomba Munyao achemshe chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Walikunywa, Nzilani akaaga. Siku hizi wanasalimiana njiani kwenda kanisani, basi.

Munyao naye humlimia na kumpikia, na hajaulizwa lolote kuhusu neno lile la hospitalini. Lakini Kasiva akihisi maumivu kifuani, hamwambii. Humngoja daktari Hani siku ya kliniki.