Ndama wa Shangazi Oimang

Nilipokuwa mdogo nilidhani eso wale, ng'ombe wetu wa msituni, walikuwa mali ya Shangazi Oimang. Yeye ndiye aliyepanda mlimani na mfuko wa chumvi, yeye ndiye aliyewaita kwa ile sauti yake ya puani, na wao walimtokea yeye, mmoja mmoja kutoka msituni, weusi, wapana, miguu myeupe kuanzia magotini kama watoto wa shule waliovaa soksi. Waliramba chumvi juu ya jiwe huku wakimsukuma kwa mabega, naye akiwagombeza kama anavyowagombeza wageni wanaong'ang'ania karibu na moto.

Eso hawafungwi zizini wala hawakamuliwi. Wanaishi porini na kuzaa huko huko. Kinachowafanya wawe wa mtu ni chumvi, na alama inayokatwa kwenye sikio la ndama. Alama ya ukoo wetu ni pengo moja lililokatwa ukingo wa juu wa sikio. Babu alipofariki, alama ile ikaenda kwa baba yangu, Takeng, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa kaptura. Shangazi alikuwa msichana mkubwa tayari. Alama haikumhusu.

Kwa hiyo akachunga. Eso mmoja aliuzwa baba aende shule ya bweni. Wengine wawili walipelekwa kwa wazazi wa mama siku baba alipooa. Baba akapata kazi ya ofisini mjini Pasighat, tukakulia huko, na kila tuliporudi kijijini kwa sikukuu ya Solung tulimkuta shangazi palepale, na harufu ya moshi kwenye shali yake. Hakuolewa. Walikuja wachumba, nasikia, lakini kila mara kulikuwa na eso anayekaribia kuzaa.

Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi, si kwa kunung'unika. Alitaka eso mmoja awe wake. Kwetu kila jambo zito husemwa kwa eso: ndoa, msiba, kesi ikiisha na watu wakitaka kupatana. Shangazi alikuwa amepika katika shughuli zote hizo, na hata siku moja hakuna aliyetaja jina lake wakati nyama inagawanywa na mwenye eso anatajwa. Alitaka atajwe mara moja, akiwa bado ana masikio ya kusikia.

Mwaka baba alipomaliza kujenga nyumba mjini, alikuja kuchukua dume la karamu ya kuingia. Nilifuatana naye. Tulipanda mlimani asubuhi, baba, shangazi na mimi, pamoja na Okom, jirani ambaye eso wake hulisha upande uleule. Okom ni mtu wa maneno mengi. Njiani alimwuliza baba kama mjini watu bado wanatembea kwa miguu au wanabebana.

"Tunabebana," baba alisema, akihema.

"Naona. Umeota tumbo la kubebwa."

Shangazi aliita, nao wakaja. Dume lilikuwepo, limenenepa vizuri. Nyuma yake akaja jike mzee, mama wa karibu kundi zima, na ubavuni mwake ndama jike wa mwaka ule. Okom alimtazama ndama, akasogea, akainama.

"Takeng. Hili sikio ni la nani?"

Ukingo wa juu ulikuwa mzima. Chini, karibu na shavu, palikuwa na vipande viwili vidogo vimekatwa, visafi, vimeshapona.

"Mwiba," baba akasema.

"Mwiba gani unakata mara mbili kwa kipimo kimoja? Huyu kakatwa. Na alama hii sijaiona kwetu, sijaiona hata ng'ambo ya mto." Okom alisimama wima. "Nitaipeleka barazani. Usinikasirikie. Leo nikinyamaza kwa ndama wako, kesho watakata wa kwangu."

Shangazi alikuwa akipangusa chumvi iliyobaki juu ya jiwe, akiirudisha mfukoni taratibu. Hakuinua kichwa.

Tuliposhuka, Okom alitangulia. Baba akapunguza mwendo.

"Dada. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuomba. Ulikuwa unakwenda shule, ukasema ngoja nimalize. Ukamaliza, ukasema ngoja nioe. Ukaoa. Mwaka juzi nimekuomba umekaa pale motoni kwangu, unakula tangawizi yangu, ukasema utafikiria. Umefikiria?"

Baba alishika tawi nipite.

"Umeniibia," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Basi kaseme hivyo barazani. Nimechoka kuwa mtu mwema."

Kijiji kilijua kabla hatujafika. Vijana walikuwa wameshapanga kumla ndama, kwa sababu ndama mwenye alama isiyo ya mtu huwa wa kijiji, na Solung ilikuwa inakaribia. Mmoja alimwuliza shangazi, kwa heshima kabisa, kama angependa paja au mbavu. Shangazi alimwambia anapenda kichwa chake yeye, ila hakina kitu ndani.

Baraza lilikaa siku iliyofuata katika jumba kubwa, wanaume kuzunguka moto, wanawake mlangoni kama kawaida, na mianzi ya pombe ya ulezi ikipita. Mzee Tapang, anayeongoza baraza, ana jicho moja linalolia muda wote, kwa hiyo huwezi kujua amesikitika au la. Alimsikiliza Okom mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba.

"Mama wa ndama ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi jambo ni dogo. Sikio likishakatwa halikatwi tena, hilo unalijua, maana hivyo ndivyo wezi wanavyofanya. Lakini ukisema ni wewe uliyekata, labda kisu kiliteleza, labda ulikuwa umekunywa, tutakubali alama hii iwe yako ya pili, na Okom ataenda kulala. Ukisema si wewe, ndama hana mtu. Ni wewe?"

Ndiyo moja ingetosha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shangazi, nikaona mgongo wake umekakamaa. Kama baba angesema ndiyo, ndama angepona, na angekuwa wa baba. Kama angesema hapana, ndama angeliwa. Shangazi alikuwa amekata sikio lile akijua haya yote, nadhani, na bado alikata.

Baba alizungusha kikombe cha mwanzi mkononi, akatazama ndani yake, akatazama mlangoni.

"Sikukata mimi," alisema.

Vijana wakachangamka.

"Lakini aliyekata yupo hapa. Ana mdomo. Muulizeni."

Watu wakageuka. Shangazi Oimang, ambaye angeweza kumfukuza dume la eso kwa kofi, alianza kukaza shali yake kifuani kana kwamba kuna baridi.

"Nimekata mimi," akasema. "Juu ni kwa marehemu baba na kwa mdogo wangu. Chini palikuwa wazi."

"Tangu lini mwanamke akawa na alama?" mtu akauliza upande wa giza.

"Tangu masika."

Wengine wakacheka. Okom, ambaye hakucheka, alisema kwamba wakianza hivi, mwakani nguruwe nao wataomba alama zao.

"Nguruwe wako wana alama, Okom," shangazi akamwambia. "Ni ile michirizi mikononi mwa mkeo anayewalisha. Au ulidhani wanajilisha?"

Mlangoni wanawake wakaangua kicheko, na mke wa Okom alikuwa wa kwanza.

Mzee Tapang alingoja. Kisha akasema, akifuta jicho, kwamba hakuna sheria inayomruhusu mwanamke kukata sikio na hakuna inayomkataza, kwa kuwa waliotunga hawakufikiria kwamba angetaka. Sheria iliyopo ni hii: alama mpya husimama ikiwa mwenye mama wa ndama hapingi. "Takeng, unapinga?"

"Sipingi," baba akasema. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa bado wanamtazama, akaongeza kwa hasira, "Mnataka nifanye nini? Niimbe?"

Hakusema kwa nini. Hata kwenye gari siku ya kurudi, na dume limefungwa kwenye lori nyuma yetu, hakusema. Alilalamika kuhusu barabara.

Kumiliki eso kuna gharama yake. Kati ya msitu na mashamba kuna ua mrefu wa mianzi, na kila mwenye eso ana sehemu yake ya kuujenga na kuulinda. Sehemu ikivunjika na mpunga ukaliwa, mwenye sehemu ndiye anayelipa. Shangazi alikuwa amebeba mianzi ya ua ule maisha yake yote, lakini sehemu iliitwa ya babu, kisha ya baba. Sasa Okom, kwa niaba ya baraza, alimpimia ya kwake. Alimpa korongo lenye upupu, mahali ambapo udongo hushuka kila mvua. Shangazi alimwita kila jina alilolijua. Baba alipojitolea kumtumia mtu wa kumsaidia, alikataa, akasema hajui kama mtu huyo angefunga mafundo sawasawa.

Nilikuwapo likizo iliyofuata, mvua zilipokolea. Asubuhi moja mwenye shamba la chini alipita kati ya nyumba, tope mpaka mapajani, akipaza sauti kwamba ua umebomoka korongoni, kwamba eso wamelala kwenye mpunga wake kama kwao, na kwamba ni uzembe wa Oimang, Oimang huyohuyo, watu wote wasikie.

Shangazi alikuwa anakula. Aliweka bakuli chini, akachukua panga ukutani, akatoka nje na kusimama mahali ambapo angeonekana vizuri.

"Nimesikia," alisema. "Taja tena, na wa nyumba ya mwisho wasikie. Nakuja."