Bibi Kipimo

Ofisini kwao Hanoi walimwita Bibi Kipimo, naye hakukasirika. Khuê alikuwa na wazo moja maishani: namba isiyo na kipimo ni yatima. Kwa miaka mingi alitengeneza programu ya kukokotoa mipango ya fedha ambamo kila namba hubeba kipimo chake, pesa za dong, kilo au hekta, na ukijaribu kujumlisha visivyolingana inagoma. Wenzake walikuwa na majedwali yanayomeza chochote, wakamcheka. Bosi Quyền akampa nafasi moja tu: mpango wa kiwanda cha mafuta ya karanga huko Nghệ An.

"Kikifaulu, ofisi nzima tutatumia kidude chako. Kisipofaulu, dada, usinitajie tena vipimo."

Programu ilinasa makosa chungu nzima. Thạch, mcheshi wa ofisi, alijumlisha bei na mavuno, ikamkatalia.

"Ina roho mbaya kama mwenyewe!"

Khuê akacheka. Alikuwa na furaha, masikini.

Kiwanda kikajengwa, tena kikubwa. Msimu ukafika, karanga zikaja, zikaisha upesi, mitambo ikakaa bure. Khuê akampigia simu bwana shamba wa kule.

"Mavuno yamepungua?"

"Wapi! Ni yaleyale, dada. Kilo mia na ishirini kwa sào."

"Sào yenu ina mita ngapi?"

"Mia tano. Kwani ya kwenu ngapi?"

Alikata simu bila kuaga. Kwao kaskazini, sào ni mita za mraba mia tatu na sitini. Ndivyo alivyojua tangu utoto, na ndivyo alivyoiandika kwenye programu kwa mkono wake, bila kumwuliza mtu. Mashine ikaamini kilo zile zimetoka kwenye shamba dogo, ikaahidi mavuno ambayo ardhi ile haina. Haikugoma, maana yeye ndiye aliyeifundisha. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Waongo. Khuê alilia chooni mpaka macho yakavimba.

Akamweleza bosi kila kitu: kosa ni lake, wazo halina kosa, kilichokosekana ni kuandika sào ya wapi.

"Dada, wenye mtaji hawataki kujua sào ya wapi. Futa."

Akafuta.

Siku hizi anajaza majedwali kama wengine. Juzi Thạch alimgeukia, safari hii bila utani.

"Dada Khuê, hii kumi na mbili ni tani au ni kilo?"

"Ni namba tu," akasema. "Wewe andika."