Kibuki Aliyekatikiwa na Umeme

Haya sikuhadithiwa, nilikuwepo. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana aliyepatwa ni dada yangu wa tumbo moja na mimi sina hamu ya kucheka.

Tunakaa Jeppestown, hapa Joburg, tunauza chapati. Da Mwanaidi ana kibuki. Watu wa Unguja tunawajua hawa: mizimu ya wafalme wa Bukini, huko Madagaska, na hawakubali kusahauliwa. Wetu tulimrithi kwa bibi. Hana makuu, anataka brandi kidogo na apigiwe kodiani, kile kinanda cha kukunjua na kukunja, wimbo wake mwenyewe, ajue anakumbukwa. Asipopigiwa, dada anakufa miguu. Na mwaka huu ilikufa kweli, nikawa namnyanyua hata kwenda chooni.

Joburg utampata wapi mpiga kodiani wa kibuki? Dada akatoa kanda ya bibi, iliyorekodiwa nyumbani zamani.

"Weka kwenye redio. Kodiani ni kodiani."

Nilisita. Kwetu mpigaji hanyanyui vidole mpaka kibuki asalimie watu wote na aage. Redio inajua kungoja aage? Lakini dada alikuwa analia kwa maumivu, nikachomeka waya ukutani.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka. Kodiani ikalia. Dada akajifunika shuka, akatetemeka, kisha, wallahi, akasimama kwa miguu ileile! Akanyoosha mkono kunisalimia. Sauti ikatoka nzito, ya mzee wa kiume.

"Mjukuu, mmenikumbuka."

Machozi ya furaha yakanitoka. Hapo hapo umeme ukakatika. Jirani yetu Mkongo akapiga kelele huko nje, "Eish, courant ilishakatika tena!" Dada ameganda, mkono uko hewani.

"Nani kanifungia njia?" mzee akauliza.

Nikajaribu kuumalizia wimbo kwa mdomo. Siujui. Umeme uliporudi, redio ikaitafuna kanda palepale ilipokatikia, nikabaki navuta utepe kama tambi. Dada akazinduka mwenyewe, lakini mzee hakuaga.

Newtown kuna Mbuki mmoja, mtu wa Madagaska, anauza vikapu, na kodiani anapiga. Nilimbembeleza sana. Akakataa.

"Kila mfalme ana wimbo wake, dada. Nikipiga wa mwingine, anakuja huyo mwingine. Utakuwa nao wawili."

Na mpigaji wetu wa Unguja alishazikwa.

Miguu ya dada imepona. Anakanda unga, anabishana na wateja. Lakini ghafla anaganda, mkono hewani, chapati inaungua, na mimi sijui atakayerudi ni dada au mzee. Usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Kwa hiyo nakwambia wewe mwenye kibuki wa kwenu: usimwanzishie wimbo kama huna mtu mwenye vidole wa kuumaliza. Jana tulikuwa tunakula, taa inawaka juu yetu. Dada akaacha kutafuna, akaniangalia, akauliza kwa sauti ile nzito:

"Mjukuu, umeme bado haujarudi?"