Suuza Mara Tatu

Ukitaka kumjua Mama Tope, mtazame akisuuza. Hiyo ndiyo kazi yake katika maabara ya kituo cha utafiti wa bahari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina lenyewe wenzake walimpa kwa mzaha, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mto unaposhuka baharini huja na udongo wa mashambani, na udongo huja na mbolea. Maji ya mto yakikutana na ya chumvi, zile chembe laini hushikana, zikawa nzito, zikazama. Kidogo si kibaya, maana hata nyasi za baharini zinahitaji kula. Mbolea ikizidi, mwani hunenepa juu ya nyasi hizo, nazo hukosa mwanga. Ndiyo maana kituo kimening'iniza mitungi chini ya maji ili kukinga kinachoanguka. Kila baada ya wiki mbili Mama Tope huyachuja maji ya mitungi kwa karatasi, akaisuuza mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi, akaikausha kwenye tanuri, akaipima. Asiposuuza vizuri, chumvi hubaki na kujifanya tope.

Basi akaletwa mtaalamu wa kukagua ripoti ya kituo kuhusu tope hilo, kijana mwenye miwani na haraka zake.

"Eti tope limeongezeka mara tatu," alimwambia mkuu wa kituo, Mama Tope akiwa amesimama palepale kama kabati. "Mimi naona ni chumvi tu. Karatasi hazikusuuzwa vizuri. Nitashauri takwimu zote ziondolewe."

Zote. Miaka kumi na tisa. Mama Tope akajikaza. Shule yake ilikuwa fupi. Kusuuza alifundishwa na mama yake, aliyekuwa akiwafulia watu nguo: mara ya kwanza unatoa povu, ya pili unatoa uvivu wako, ya tatu ndiyo ya mwenye nguo.

"Karatasi zote ninazo, baba," alisema. "Chagua yoyote. Isuuze tena mwenyewe, uikaushe, uipime. Kama ilikuwa na chumvi, uzito utapungua."

Akafungua kabati. Mtaalamu akapitisha kidole kwenye visahani vya karatasi hizo, kila kimoja na tarehe na uzito wake, akachomoa kimoja katikati. Mama Tope aliisoma tarehe, akaushika mlango wa kabati.

Asubuhi ya siku ile walimzika mama yake. Mchana alikuja kazini macho yamevimba, kwa kuwa maji ya mitungi yakilala yanaharibika na hakuwa na wa kumwachia. Alikumbuka viatu vyake vilivyojaa udongo wa makaburini. Alisuuza mara ngapi? Hilo hakulikumbuka hata kidogo.

Mkuu wa kituo alimwona alivyobadilika. "Tuchukue nyingine, mama?"

"Hapana. Hiyohiyo."

Mtaalamu akasuuza, akaiweka karatasi kwenye tanuri. Walisubiri saa mbili nzima. Mama Tope alifuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena. Hakuhofia kazi, kazi angepata nyingine. Alihofia kwamba siku ile, kati ya siku zote, ndiyo aliyomwangusha mama yake.

Karatasi ilipopoa, mtaalamu akaiweka kwenye mizani. Akasoma. Akatazama namba ya zamani iliyoandikwa kwenye kisahani, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Namba hizo mbili zilipishana tarakimu ya mwisho tu, kiasi cha vumbi.

Akamgeukia mkuu. "Ripoti ibaki ilivyo. Tope ni tope kweli." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Samahani, mama. Nimefanya kazi na maabara kubwa, lakini sijaona usafi kama huu. Ulisomea wapi?"

Mama Tope akaichukua ile karatasi, akairudisha kwenye kisahani chake taratibu, akafunga kifuniko. Kisha akanyoosha mgongo.

"Kwa dobi," alisema. "Mama yangu alikuwa dobi."