Sekunde Tano za Kuvunja Chuma

Chuma kinachokaa kwenye baridi kali huweza kukatika ghafla bila hata kupinda. Ndiyo maana, kabla hakijatumika kujengea chumba cha kugandishia samaki, huletwa kwetu maabara. Tunakata vipande vidogo, tunavichanja, tunavizamisha kwenye spiriti yenye barafu kavu, kisha kila kimoja kinapigwa na nyundo kubwa inayobembea. Kikishatoka kwenye baridi, kipigwe ndani ya sekunde tano. Zikipita, joto la Tanga limeshaharibu ushahidi.

Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anaweka, mwenzake anavuta wenzo wa kuachia nyundo. Kwa miaka kumi na moja mwenzangu alikuwa mzee mmoja wa Ngamiani, ambaye hakuanza kipande bila kusema bismillahi. Siku moja, hasira zangu hizi, nikamwambia mbele ya wageni kwamba hapa si msikitini, anatupotezea sekunde. Alilitundika koti lake la kazi ukutani na hakurudi tena.

Nikajifanya naweza peke yangu. Nikaweka mwenyewe, nikakimbilia wenzo mwenyewe, na vipande vya chumba cha samaki vikapinda vizuri, vikafaulu vyote. Nilifurahi, lakini sikuwa na wa kumwambia. Nilikula wali wangu nyumbani kule Mabawa nikiitazama simu isiyolia. Ndipo nikajiuliza nilitumia sekunde ngapi. Asubuhi nikajipima kwa saa: sekunde tisa; vipande vilipigwa vikiwa vimeshapata joto. Na chini ya chuma kile watu wangeshinda wakibeba samaki.

Nilikwenda Ngamiani kwa miguu, nikiona haya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kidole kimoja hakivunji chawa, seuze chuma," akasema, akavaa viatu.

Tulipofika maabara akasimama mahali pake pa zamani, kwenye wenzo. "Bismillahi," akasema, ndipo nami nikakitoa kipande kwenye baridi kwa kibano. Kumbe siku zote neno lile lilitangulia. Halikuwahi kula hata sekunde moja. Lilikuwa likiniambia kwamba mwenzangu yuko tayari. Sekunde nne. Chuma kikakatika kama biskuti. Nikaandika: kimekataliwa.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

"Na kesho, mzee?"

"Kesho nina wajukuu." Akalichukua koti lake ukutani.

Kesho yake nilizamisha vipande vingine, nikashika kibano. "Bismillahi," nikasema, mimi Mlutheri wa Lushoto. Kwenye wenzo hapakuwa na mtu.