Safi Kabla ya Kupima

Pale wodi ya kusafisha damu walimwita Bi Safi, na si kwa ajili ya mavazi. Kila asubuhi alikinga kwenye kichupa maji yaliyopita tangi la kwanza la mkaa, akatia dawa, akasubiri. Yasipogeuka rangi, anaita, "Safi!" na nesi anawaunganisha wagonjwa wa figo kwenye mashine. Maji ya bomba yana klorini. Ukiyanywa hayana neno, lakini klorini hiyo ikipenya kwenye damu kupitia mashine, chembe za damu hupasuka. Mkaa ule wa kiwandani una vitundu visivyohesabika, kazi yake ni kuinasa klorini, mpaka siku utakapochoka, na hapo maji ya kichupa hugeuka ya waridi.

Miaka kumi na moja maji hayakugeuka hata mara moja. Wewe ungefanyaje? Bi Safi akaanza kuita kwanza, kupima baadaye. Mazoea yana taabu, jamani!

Jumanne hiyo aliita, "Safi!" ndipo akatia dawa. Maji yakawa ya waridi.

Akageuka kuwatazama wagonjwa. Kiti cha tatu alikaa mdogo wake wa tumbo moja, na mashine zilishaanza kunguruma. Lilibaki tangi la pili, la akiba, ambalo maji hulipitia kabla ya kufika kwenye mashine. Huenda lilikuwa zima, huenda nalo limechoka. Kulipima ni dakika chache tu. Akinyamaza, na maji yakawa mazuri, nani angejua? Wazo hilo lilimpitia, tusimfanye malaika.

"Simamisheni mashine!" akapiga ukelele. "Zote! Sijapima!"

"Hujapima?" nesi akaduwaa. "Si umeita mwenyewe?"

Bi Safi alikuwa keshafika tangi la pili, dawa ikimmwagikia vidoleni, midomo ikimtaja Mungu. Akatazama saa, akatazama kichupa, akarudia saa. Maji hayakugeuka. Tangi la akiba lilikuwa limewaokoa wote, naye akaketi sakafuni akalia kama mtoto.

Mkuu wa wodi alimkaripia mpaka basi, na mafundi wakabadilisha mkaa siku hiyohiyo. Mdogo wake alimshika mkono tu. Bi Safi akadhani yamekwisha.

Alhamisi alipima kwanza, taratibu, mara mbili, ndipo akaita kwa sauti yake yote, "Safi!"

Hakuna aliyenyoosha mkono kwa nesi. Wagonjwa wote walimtazama mdogo wake.

"Samahani, dada," akasema mdogo mtu kwa upole. "Tuletee hicho kichupa tukione."