Winfrida na Ukuta wa Mzee Stambuli

Winfrida, Mluguru wa Mgeta, anachora mabango hapa Kihonda: kuku wa kuchoma wenye macho ya huruma, vichwa vya vinyozi visivyofanana na mtu yeyote aliye hai. Mdomo wake hauna breki. Ukimkuta juu ya ngazi, mpite haraka, la sivyo utachorwa.

Mtaa wetu ni wa wapangaji. Kila mtu katoka kwao, kila mtu na geti lake, tunakutana bombani na kusalimiana kwa nyusi. Jambo hilo lilimkera Winfrida, maana kwao mlimani hupiti nyumba ya mtu bila kuulizwa unakwenda wapi, kwa nani, na umebeba nini. Basi akamwomba Mzee Stambuli, mwenye ukuta mrefu unaotazama bomba, amruhusu auchore. Mzee akadhani ni maua. Akakubali.

Winfrida akachora foleni ya maji, sisi wote, tumegeuka mgongo. Visogo vitupu! Watu wakaanza kusimama.

"Huyu mwenye kisogo bapa ni nani?"

"Si yule fundi cherehani wa nyumba ya bluu?"

Fundi akaitwa, akageuzwa, akakaguliwa, ikathibitika ni yeye. Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la jirani yangu, Twalibu, ambaye redio yake nilikuwa naisikia kila asubuhi.

Katika foleni nzima mwenye sura alikuwa mmoja tu, Mzee Stambuli mwenyewe. Kajitwisha kitanda kichwani, jasho linamtiririka, na juu ya kitanda kakaa Winfrida, anamenya ndizi. Kila Mluguru aliyepita aliangua kicheko. Wanyamwezi ni watani wa Waluguru, na utani wa tangu zamani ndio huo, kwamba walifika huku na mizigo ya watu vichwani. Mtani haruhusiwi kukasirika. Na mzee katokea Tabora, kwa Wanyamwezi, mtaa mzima unajua.

Mzee akatoka na ndoo ya chokaa.

"Vipi, mtani, kitanda kizito?" Winfrida akamchokoza.

"Mtani wa nani? Mimi Mhaya! Tabora baba alipelekwa na kazi ya reli. Kwetu Bukoba tuna utani gani na Waluguru?"

Mtani ukimtukana mnacheka wote. Asiye mtani umemvunjia heshima, tena mtu mzima. Winfrida akashuka ngazi, akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Nimekosa. Nilidhani wewe ni mtani wangu."

Hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kuchora bila kutumwa na mtu, na brashi ya chokaa ilikuwa hewani tayari. Nilimwonea huruma, ingawa kisogo changu alikichora kibaya makusudi.

"Usifute, mzee!" Maneno, muuza mayai, akamshika mkono. Ni mtu mkimya kuliko mayai yake. "Hilo tusi ni langu. Mnyamwezi ni mimi. Miaka yote niliyokaa hapa, hakuna hata mmoja aliyenitukana." Kisha akamgeukia Winfrida. "Na wewe Mluguru, umepanda kitanda changu kwa ruhusa ya nani? Niwekee sura yangu hapo, na hiyo ndizi nipe mimi!"

"Loo, Mnyamwezi! Kumbe ulijificha nyuma ya mayai?" Winfrida akapiga kigelegele, naye tayari anatafuta rangi.

Mzee Stambuli akabaki na ndoo yake. "Sasa mimi," akauliza polepole, "mimi nitataniwa na nani?"

Tangu ahamie tulikuwa tunampa shikamoo, tunapita. Akajikokota kwenda bombani kuosha brashi, akazipita ndoo zote zilizopangwa, akafungua koki.

"We mzee!" Mama Nasra, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akamfokea. "Bomba nalo ni lako kama ukuta? Huoni hata kwenye picha watu wamepanga foleni? Rudi nyuma huko!"

Mzee akamtazama. Akafunga koki, akaenda kusimama nyuma ya ndoo ya mwisho, meno yote nje.